Kutoka Shamba la Wanyama hadi Les Misérables: mwongozo kamili wa kusoma vitabu vikubwa vya dunia ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Duka langu la pembejeo liko Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, sipati nafasi hata ya kumaliza kikombe cha chai: huyu anataka mbegu, huyu mbolea ya DAP, na baadaye wote wanarudi kwa urea. Lakini mwezi wa sita ukiingia, baridi ikishika na mahindi yakishavunwa, naweza kukaa saa mbili bila kuona mteja. Katika utulivu huo, huu mwaka wa saba, nimesoma Sophocles, Shakespeare, Homer, Cervantes, Tolstoy na Dostoevsky, na mwaka huu nimo ndani ya Victor Hugo. Sikusomea fasihi chuoni. Niliishia kidato cha nne, na vifaa vyangu ni simu moja, kamusi na daftari.

Kila anayenikuta na kitabu kinene mapajani huniuliza: "Mama, unaanzaje?" Jibu langu ni hili, na mengine yote nitakayoeleza yanatokana nalo: anza na vile ambavyo vimeshaingia kwenye Kiswahili, halafu vile vinene visome kwa kipimo kidogo cha kila siku, kipimo kinachofuata msimu wa kazi yako.

Kosa nililoanza nalo

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa War and Peace, yaani Vita na Amani, cha Leo Tolstoy. Nilikinunua Mwanjelwa kwa muuza vitabu vya mtumba, kilikuwa kimetandikwa kwenye turubai katikati ya vitabu vya hesabu vya sekondari. Nilikazana hadi ukurasa wa sitini hivi. Kila ukurasa ulileta majina mapya, watu walikuwa kwenye karamu isiyoisha, na muda mwingi nilikuwa nimeshika kamusi, kitabu kimelala pembeni. Nikakifunga. Karibu mwaka mzima niliamini kwamba vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya watu wengine, si watu kama mimi. Imani hiyo ilinigharimu mwaka, na ndiyo ninayotaka kukuepusha nayo. Kitabu hakikuwa na ubaya wowote. Nilikishika kabla ya zamu yake.

Hatua ya kwanza: pitia mlango wa Kiswahili

Wengi hawajui ni kiasi gani cha fasihi ya dunia kimeshatafsiriwa kwa lugha yetu. Mimi ningekupanga hivi.

Anza na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyotoka mwaka 1967. Ni kifupi, kinakwenda mbio, na mtu aliyewahi kufuga nguruwe na farasi au punda haelezwi mara mbili nani ni nani. Utakimaliza ndani ya wiki moja, na kumaliza kitabu cha kwanza ni jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Cha pili kiwe Shujaa Okonkwo, ambacho ni Things Fall Apart cha Chinua Achebe, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973. Kile kijiji cha Umuofia, viazi vikuu vyake, wazee wake, na ujio wa wamisionari, vitakukaa karibu sana kama umekulia Rungwe au Njombe ambako bibi na babu zetu waliona misheni zikijengwa.

Baada ya hapo nenda kwa Shakespeare, na uende kwa miguu ya Mwalimu Nyerere. Alitafsiri tamthilia mbili. Ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na hakuridhika nayo. Akairekebisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hebu lipime jambo hilo: Rais wa nchi changa, mwenye mambo mengi mezani, anarudia tafsiri ya tamthilia kwa sababu mistari ya kwanza haikumtosheleza. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Simama kwenye jina hilo kabla hujafungua kitabu. Shakespeare aliandika juu ya mfanyabiashara mmoja wa Venice. Mwalimu akaandika mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Neno moja la jalada linakuonyesha kwamba mtafsiri naye ni msomaji, ana macho yake na wakati wake. Tangu nilipoliona hilo, sisomi tena tafsiri yoyote bila kuangalia kwanza aliyetafsiri ni nani na ilikuwa mwaka gani.

Tamthilia zisome kwa sauti. Nyerere alizitafsiri kwa shairi lisilo na vina, kama Shakespeare mwenyewe, na mistari ile ikisomwa kimyakimya hupoteza nusu ya nguvu zake. Hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari niliisoma kwa sauti dukani asubuhi ya baridi, mlango umefungwa nusu, na nikajikuta natetemeka kwa sababu isiyo ya baridi.

Kutoka hapo utakuwa tayari kwa tafsiri za Samuel Mushi: Makbeth ya mwaka 1968, Tufani ya 1969, na Mfalme Edipode ya 1971, ambayo ni tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,400. Makbeth inaanza na wachawi watatu ndani ya ukungu. Aliyewahi kushuka Isongole saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa nne hahitaji kuchorewa ukungu huo. Mfalme Edipode ndiyo iliyonishika zaidi. Ni upelelezi: mji una tauni, mfalme anaapa kumtafuta mwenye hatia, na kila shahidi anayemwita anamsogeza karibu na jina lake mwenyewe. Ongeza na Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1836, tafsiri ya Christon Mwakasaka ya 1979. Viongozi wa mji mdogo wanasikia mkaguzi anakuja, wanampapatikia kijana asiye mkaguzi. Wasomee watu wa ofisini kwako sura za mwanzo, uone nani atacheka na nani atanyamaza.

Usiviache vya kwetu nje ya orodha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kukichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alifariki mwaka uliofuata. Kitabu hicho kinastahili kukaa rafu moja na Tolstoy, na nasema hivyo nikiwa nimevisoma vyote viwili. Kuna pia Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis imechapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Hatua ya pili: kuvipata

Tafsiri za miaka ya sitini na sabini hazipatikani kirahisi madukani. Nenda kwanza maktaba ya mkoa, ya Mbeya au ya Iringa, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Usiishie kutazama rafu. Mwulize mkutubi, mtajie jina la kitabu na la mtafsiri, kwa sababu vingine vimewekwa kwenye fasihi, vingine kwenye vitabu vya zamani vya shule. Kisha waulize walimu wastaafu wa Kiswahili. Nakala yangu ya Juliasi Kaizari niliipata kwenye sanduku la mwalimu mmoja mstaafu wa Tukuyu, akanipa kwa sharti kwamba nikimaliza nimrudie tuzungumze. Nilirudi mara tatu.

Kwa wauza mtumba wa Mwanjelwa na Soko Matola, kagua kurasa za mwanzo. Ukiona maneno abridged au retold, hicho kimefupishwa. Mimi sivikatai hivyo, maana vinafaa kwa mtoto wa kidato cha pili au kwa kuonja, ila usihesabu kwamba umekisoma kitabu chenyewe.

Vitabu ambavyo hatimiliki yake imekwisha vinapatikana bure kwenye simu. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000. Pakua aina inayoitwa EPUB isiyo na picha. Hata kitabu kinene mara nyingi ni megabaiti chache tu, kwa hiyo bando la siku moja linatosha kukujazia vitabu vya miaka miwili. Weka programu ya kusomea vitabu, kuza herufi, punguza mwanga wa kioo, na ukishapakua huhitaji mtandao tena. Umeme ukikatika usiku wa mwezi wa saba, unajifunika blanketi na kuendelea. Kwa anayesafiri sana kuna LibriVox, watu wa kujitolea wanaosoma vitabu hivyo kwa sauti. Basi la kutoka Mbeya hadi Iringa linakupa muda wa kusikiliza sehemu nzima ya riwaya.

Vitabu vya waandishi walio hai, kama Peponi, nunua. Agiza Dar, kije kama kifurushi cha basi. Kukidurufu ni kumnyima mtafsiri ugali wake, na tukiwanyima hivyo hatutapata tafsiri nyingine.

Hatua ya tatu: vifupi vya Kiingereza kabla ya vinene

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma kwa sababu ya lugha. Kanuni yangu ya kamusi ni hii: neno likinikwaza mara ya kwanza napita, mara ya pili naliwekea alama, mara ya tatu ndipo nalitafuta. Maneno mengi hujieleza yenyewe kabla hayajafika mara ya tatu. Nina ile Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), na bado inanitosha.

Anza na hadithi ya Tolstoy ya mwaka 1886 iitwayo How Much Land Does a Man Need, yaani mtu anahitaji ardhi kiasi gani. Ina kurasa zisizofika ishirini na tano. Mkulima Pakhom anaambiwa kwa ruble elfu moja, fedha ya Kirusi, atapata ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu tangu jua linapochomoza hadi linapozama, ila asiporudi alipoanzia kabla ya jua kuzama, amepoteza vyote. Niliwasimulia wateja watatu waliokuwa wakisubiri mvua ipungue. Nilipofika pale Pakhom anaona bonde zuri mbele na kusema, hili nalo siwezi kuliacha, mzee mmoja wa Igurusi anayelima mpunga akaguna, "Geuka, baba. Geuka sasa." Alisema kana kwamba Pakhom anamsikia. Siku hiyo nilielewa kwamba hadithi hizi hazihitaji shahada.

Baada ya hiyo chukua The Death of Ivan Ilyich, ya Tolstoy huyohuyo, yenye sura 12: mwanasheria mwenye kila kitu anaugua, na wanaomzunguka wanakataa kukubali kwamba anakufa, isipokuwa Gerasim, kijana wa kazi, anayemshikia miguu usiku ili maumivu yapungue. Aliyewahi kuuguza mtu nyumbani hataisahau. Kisha hadithi fupi za Anton Chekhov, zozote, moja kila jioni.

Hatua ya nne: ukurasa wa majina

Kikwazo kilichonirudisha nyuma mwanzoni kilikuwa majina ya Kirusi. Dawa yake ni ndogo, na ningeijua mapema nisingepoteza ule mwaka.

Mrusi ana majina matatu: jina lake, jina litokanalo na baba, na jina la ukoo. Pyotr Kirillovich Bezukhov ni Pyotr, mwana wa Kirill, wa ukoo wa Bezukhov. Mwanamke hupata mwisho wa -ovna au -evna badala ya -ovich au -evich. Anayemheshimu atamwita Pyotr Kirillovich. Rafiki zake wa tabaka la juu, waliozoea kuzungumza Kifaransa, watamwita Pierre. Mtu ni yuleyule. Sasa jiangalie wewe. Mkweo anakuita Mama fulani kwa jina la mtoto wako wa kwanza, wanafunzi wanakuita Mwalimu, shangazi anakuita kwa jina la Kinyakyusa ulilopewa siku ulipozaliwa, na benki inakuita kwa jina la ukoo linaloanza na Mwa-. Mgeni kutoka mbali akisikiliza siku moja nyumbani kwako atadhani mko wanne. Sisi ndio watu ambao majina ya Kirusi hayakupaswa kutushinda.

Kwa hiyo, katika kauntabuku yako, ukurasa wa kwanza wa kila kitabu uwe wa majina. Kila mtu mpya aingie na majina yake yote, na neno moja la kumkumbukia: "mnene, miwani, moyo mwema." Chora mistari ya ukoo. Ukifika ukurasa wa mia moja, hutahitaji kurudi kuutazama.

Hatua ya tano: vinene, kwa hesabu na kwa msimu

Kitabu kinene usikihesabu kwa kurasa. Kihesabu kwa sura, kisha uzigawe kwa siku.

Odyssey ya Homer ina vitabu 24. Kimoja kila jioni, na mwezi wa sita haujaisha umemaliza. Don Quixote cha Cervantes kina sehemu mbili, ya mwaka 1605 yenye sura 52 na ya 1615 yenye sura 74, jumla 126. Sura mbili kwa siku ni siku 63, karibu sawasawa na mwezi wa saba na wa nane. Crime and Punishment ya Dostoevsky, ya mwaka 1866, ina sehemu sita na hitimisho: wiki saba, sehemu moja kila wiki. Na Les Misérables ya Victor Hugo, ya mwaka 1862, ina sura 365. Sikupanga mimi. Sura moja kwa siku, nyingine ina kurasa mbili tu, na mwaka mmoja unakwisha na kitabu kinakwisha.

Pangilia na kazi yako. Mimi vinene naviweka mwezi wa sita hadi wa tisa. Mwezi wa kumi na moja hadi wa pili ni hadithi fupi na mashairi tu, au kile cha sura moja kwa siku. Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe atakuwa na kalenda nyingine, maana chai hupamba moto wakati wa mvua; mwalimu ana likizo zake; mwenye mashine ya mbao Mafinga anajua mwenyewe siku zake za kusubiri gari. Kazi yako isipokuachia nafasi kwa miezi mitano, usilazimishe. Weka alama, andika katika daftari mistari mitatu ya ulipofikia na nani yuko wapi, ukirudi soma hiyo mistari kwanza.

Juu ya kuruka kurasa, msimamo wangu ni kwamba inaruhusiwa, ila kwa kujua unaruka nini. Ndani ya Les Misérables, Hugo anasimamisha hadithi ili asimulie vita vya Waterloo kwa sura kumi na tisa. Mwenye haraka anaweza kupita mbio, lakini sura ya mwisho ya vita hivyo asiiache, kwa sababu huko, usiku, mtu anayewapora maiti anamvuta ofisa mmoja kutoka chini ya miili, na tendo hilo litarudi mamia ya kurasa mbele. Vita na Amani ina hitimisho la pili ambalo ni falsafa ya historia tupu. Hilo soma ukitaka. Na kitabu cha pili cha Iliad, shairi la Homer la vita vya Troy, kina orodha ndefu ya merikebu na makabila. Mimi niliipitia haraka mara ya kwanza, mara ya pili nikaisoma yote, maana nilishawajua wanaotajwa.

Angalizo la tafsiri: kwenye Gutenberg, tafsiri ya Samuel Butler ya Odyssey ni nathari rahisi kuliko zile za mashairi ya zamani, na ndiyo ninayompa anayeanza. Lakini Butler anatumia majina ya Kirumi. Odysseus anaitwa Ulysses, Athena anaitwa Minerva, Zeus anaitwa Jove. Andika hayo kwenye ukurasa wa majina kabla ya kitabu cha kwanza. Kwa Warusi utakutana sana na Constance Garnett, na kwa Tolstoy na Louise na Aylmer Maude. Don Quixote chukua ya John Ormsby, Les Misérables ya Isabel Hapgood. Kiingereza chao ni cha zamani kidogo lakini kinasomeka.

Hatua ya sita: soma ukiwa umesimama hapa

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote. Vitabu hivi hufunguka ukivileta nyumbani.

Odyssey ni habari ya mtu aliyekaa ugenini miaka ishirini: kumi vitani Troy, kumi njiani akirudi. Nilimsimulia mama yangu, Tukuyu, tukiwa tunamenya ndizi. Yeye alikulia wakati ambapo wanaume wa Rungwe na Kyela walikwenda migodi ya Copperbelt na Afrika Kusini, wengine wakarudi na baiskeli na makoti, wengine wasirudi. Hakuniuliza lolote juu ya jitu lenye jicho moja. Aliuliza, "Na mke, hiyo miaka yote alifanya nini?" Nikamweleza Penelope: alivyowaambia wachumba kwamba ataolewa akimaliza kufuma sanda ya baba mkwe, na alivyoifumua kila usiku kwa miaka mitatu. Mama akaweka kisu chini. "Huyo alikuwa na akili. Wa kwetu walisema wanasubiri barua." Tangu hapo nimesoma Odyssey mara mbili zaidi, na kila mara namsoma Penelope kwanza.

Iliad nayo inaishia kwenye kitabu cha 24, na kitabu hicho ningetaka kila mtu wa Iringa akisome. Achilles, shujaa wa Wagiriki, amemuua Hector, shujaa wa Troy, na kuiburuza maiti yake nyuma ya gari la farasi. Baba yake Hector, mfalme Priam, mzee, anatoka usiku, anapita katikati ya jeshi la adui, anapiga magoti, na kubusu mikono iliyomuua mwanawe ili apewe mwili akauzike. Wote wawili wanalia. Na shairi zima linafungwa na mazishi ya Hector.

Baada ya kusoma hapo, panda gari uende Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua mwaka 1898 ili asishikwe, na kichwa chake kikachukuliwa hadi Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa na kifungu, cha 246, kilichotaja kurudishwa kwa fuvu hilo. Halikurudi hadi mwaka 1954. Limo Kalenga, kwenye makumbusho. Nilisimama mbele yake nikiwa na Iliad kwenye simu, nikafungua pale Priam anapoomba. Sikuweza kusoma zaidi ya mistari michache. Watu wa Troy walisubiri siku kumi na mbili wapewe mwili wa shujaa wao. Wahehe walisubiri miaka 56.

Si kila kitabu kitakuwa na Kalenga yake. Lakini ukimaliza sura, jiulize ni wapi hapa umeshaiona, uandike jibu, hata kama ni mstari mmoja.

Hatua ya saba: simulia

Tafuta mtu mmoja. Kikundi ni kizuri, ila vikundi nilivyoviona vingi hufa wiki ya tatu kwa sababu mmoja hajasoma na anaona aibu kuja. Mtu mmoja anatosha, na wala si lazima awe anasoma. Kila Jumapili baada ya ibada mimi na jirani yangu, mama anayeuza viazi, tunakaa nusu saa. Mimi nasimulia nilichosoma wiki hiyo kwa dakika tano, yeye anauliza. Nikishindwa kujibu kwa nini mtu fulani alifanya alichofanya, najua sikusoma vizuri, narudi kwenye sura hiyo.

Wiki yako ya kwanza

Jumatatu nunua kauntabuku ya kwaya mbili. Jumanne pita maktaba ukiulizie Shamba la Wanyama. Kama hakipo, omba kwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu nawe. Andika majina ya wanyama kwenye ukurasa wa kwanza. Soma sura moja kila usiku kabla hujashika simu kwa jambo lolote lingine, na Jumapili msimulie mtu hadi ulipofikia. Usinunue kitabu cha pili mpaka hicho kiishe.

Mimi wakati huu ni mwezi wa kumi. Les Misérables nilianza tarehe mosi Januari, na sasa nimefika Paris ya Juni 1832, vijana wanapanga mawe na magurudumu ya mikokoteni kuziba mtaa, na mtoto Gavroche anatafuta bunduki. Jirani yangu ameshaniuliza mara mbili kama mtoto huyo atapona. Nimemwambia tusubiri, sura ni moja kwa siku. Lori la mbolea linaingia Alhamisi.